Habari za Chaji Inayotembea

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Mwanao Chiriku amenipita sasa hivi amevaa shimizi la nailoni la mteja kichwani. Si kwamba amelivaa kwa kupenda. Alilitoa kwenye mashine ya kukaushia likiwa bado moto, likamrukia kwenye nywele likaganda, na kila akilivuta linatatarika kama chumvi kwenye makaa. Hakulia. Alisimama katikati ya chumba, mikono juu kama aliyekamatwa na askari, akaniambia, "Mama, nguo inanipenda." Mama Pasi alicheka mpaka akakalia kapu la mashuka, na ujue tajiri wangu huyu hakai ovyo, kwa maana kuinuka kwake ni kazi ya watu wawili.

Baada ya hicho kicheko, pokea salamu. Huku tu wazima. Mama anakusalimu, goti lake limepoa tangu aanze kulikemea kila asubuhi kama mtoto mtukutu. Shemeji yako bado anatengeneza friji za watu huku ya kwetu ikitoa maji chini. Nikimkumbusha ananiambia mganga hajigangi. Chiriku ametimiza miaka minne na maneno ya mtu wa arobaini.

Barua yako ya kufeli imefika. Nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kupiga pasi mashati ya watu, kisha nikaisoma tena nikitegemea imebadilika. Umefeli karatasi moja. Moja, mdogo wangu, katika zote zile. Unasema chuo kinakuruhusu kuirudia mwezi wa tano, na ukianguka tena unafungasha virago. Unasema hujui hata kama kuna haja ya kujiandikisha. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo kama wa mtu anayenong'ona msibani, umeuliza kama ile meza ya pili ya pasi kwa Mama Pasi bado iko wazi, tangu msichana wa watu aolewe akaiacha.

Swali nimeliona. Mvua huku imenyesha vizuri.

Sasa wewe niambie jambo moja. Hicho kitu kilichokuangusha ni kitu gani? Nieleze kama unavyomweleza mtu ambaye mkono wake mmoja uko kwenye pasi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini masikio hayakuishia hapo. Nataka kumjua adui wa mdogo wangu kwa sura.

Dada yako


20 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine mpelekee Mama, na ya tatu liwekee goti lake. Mimi sijambo. Chumba chetu cha bweni nacho hakijambo, isipokuwa bomba linalodondosha ndani ya ndoo mchana kutwa. Tumelizoea hata likinyamaza tunashtuka. Mwambie Chiriku nguo hiyo ina haki ya kumpenda, mimi mwenyewe nampenda na sijapitia kwenye mashine.

Umetaka sura ya adui. Dada, adui wangu ndiye huyo huyo aliyekaa kichwani kwa Chiriku. Nailoni ikisuguana na nguo nyingine inabeba chaji ya umeme, ndiyo maana inanata. Chaji ikitulia mahali pamoja haina shida. Ukiwa karibu nayo unaisikia sana, ukiwa mbali unaisikia kidogo. Fikiria pasi ya moto imewekwa mezani: kila mahali chumbani pana joto lake, hata pale pasipo na kitu. Chaji nayo, kila mahali panapoizunguka imepapa namba yake. Namba hiyo tunaiita potenshali.

Balaa linaanza chaji ikitembea, kwa sababu habari zake hazifiki papo hapo. Zinasafiri kwa kasi ya mwanga, ambayo ni kubwa mno lakini nayo ina kikomo. Kwa hiyo mimi niliyesimama hapa, namba ninayoipata sasa haitokani na mahali chaji ilipo. Inatokana na mahali ilipokuwa wakati habari ilipoondoka. Ni kama barua zako. Hapa ninaposoma, Chiriku bado ana shimizi kichwani, na huko labda lilishavaliwa na mwenyewe harusini.

Hapo nilipita bila kujikwaa. Nilipoanguka ni hapa. Kitabu kinasema chaji inayokujia inasikika kubwa kuliko ilivyo, na inayokukimbia inasikika ndogo. Kwa hiyo ukitafuta potenshali, chini ya mstari huweki umbali mtupu. Unauzidisha umbali huo kwa kinachobaki ukitoa, kwenye moja, kasi ya chaji inavyokujia iliyogawanywa kwa kasi ya mwanga. Kitabu kinaeleza kwamba ni kwa sababu chaji hiyo inaonekana kama imerefuka. Mimi nikajisemea, hii chaji ni nukta. Nukta haina urefu. Kisicho na urefu kitarefuka vipi? Nikakikata kile kipande chote kwa rula, nikajiona mjanja.

Mwalimu wetu wa umeme ni mzee mwembamba tunayemwita Fyuzi, kwa kuwa hukatika upesi. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Umekata mtihani."

Na mpaka leo sioni kosa langu, ndilo linaloniuma. Mtu akifeli asichokijua, sawa. Mimi nimefeli kitu ambacho nikikitazama bado naona nimepata. Sasa nirudie ili niandike nini? Uongo niliokariri?

Habari za mvua nimezipata, ahsante. Na meza ya pili ya pasi?

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Chiriku amelala juu ya kapu la foronya, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika kibanio cha nguo kama mtu aliyezimia kazini. Nimepata upenyo, nakuandikia juu ya meza ya pasi, usishangae karatasi ikiwa na joto.

Salamu za hapa ni nyingi, zichague mwenyewe. Goti la Mama limeshinda kesi, sasa linamkemea yeye. Shemeji yako ameitengeneza friji yetu. Sasa haitoi maji, inatoa sauti ya mzee anayekohoa.

Barua yako imekawia kufika, nami nimekawia kuijibu, maana niliielewa nusu na nusu nyingine nikaiacha kapuni inisubiri. Ile ya habari kuchelewa nimeielewa vizuri mno, wala hukuhitaji chuo, ungeniuliza. Ile ya nukta kurefuka sijaielewa, na kwa kuwa wewe mwenyewe hujaielewa, basi tuko darasa moja na mimi nimesamehewa ada. Sina la kukusaidia hapo. Ila nina kichekesho.

Juzi nilimpeleka Chiriku chanjo. Ukumbi wa kliniki una vigae, na kila kigae wamekichora nyayo mbili, kila mama asimame kwenye nyayo zake na foleni inyooke. Sista wa zamu ni mtu wa haraka. Alitaka kujua tuko wangapi ili atoe dozi kwenye boksi la barafu, kwa maana zikishatoka hazirudi. Basi akaanza mkiani kuja mlangoni, anahesabu vigae vyenye miguu, macho chini. Yeye hatutazami usoni, maana ukimtazama mama usoni kliniki anapata swali.

Sasa siku hiyo foleni ilikuwa inakwenda kweli, ndani kulikuwa na wachanjaji wawili wenye mikono myepesi. Sista akanipita, akanihesabu. Foleni ikasogea, nikapiga hatua kigae cha mbele. Naye akapiga hatua, akaikuta miguu yangu, akaihesabu tena. Mimi huyu huyu, mwili mmoja. Nilitaka kumwambia, nikaona si adabu.

Alipofika mlangoni akatangaza hesabu, mwenzake akatoa dozi za kutosha kijiji. Kwa bahati akataka kuhakikisha. Akageuka, akahesabu kutoka mlangoni kwenda mkiani, na sisi huku tunakuja mbele. Akahesabu kigae cha mbele yetu, foleni ikasogea, mama aliyenitangulia akaingia kwenye kigae hicho kilichokwisha hesabiwa. Sista akatua macho alipokuwa yule mama, akanikuta mimi. Mwenzangu hakuhesabiwa kabisa, akapita kama upepo. Hesabu ya kurudi ikawa ndogo ajabu. Sista akashika kiuno, akauliza kwa sauti ni akina nani waliotoroka na kadi za serikali.

Mama mmoja mnene aliyefunga kitambaa cha kijani akamjibu, "Sista, hatujatoroka. Ulipokuja ulituzaa, ulipoondoka umetuzika."

Ukumbi mzima ulicheka, watoto wakaamka, wakalia wote kwa pamoja, na Chiriku akadungwa katikati ya kelele hata hakujua.

Sasa, mdogo wangu, kama barua zako ni habari za mtu aliyekuwa, huyo aliyepo yuko wapi? Umejiandikisha? Mwezi wa tano hauko mbali, nauona kutoka dirishani.

Swali lako nimeliona. Goti la Mama nimeshakueleza.

Dada yako


30 Machi

Dada, shikamoo,

Salamu zote ziko chini ya barua hii, leo acha nianze na ugomvi. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana. Nilipofika kwenye kile kigae chako cha pili nikatoka kwenye foleni, na sahani yangu mkononi, na mtu wa kunishikia nafasi sikuwa naye. Nilikosa chakula kwa ajili yako.

Dada, ulihesabiwa mara mbili na hukurefuka. Ulikuwa mmoja. Mara zote nilikuwa naitazama chaji, nashangaa imekuwaje. Chaji haikuwa na kosa. Shida iko kwa anayekusanya habari. Sista ndiye habari inayokuja kwangu, na mimi ndiye mlango. Habari inasafiri, na chaji nayo inasafiri upande ule ule, kwa hiyo habari inakaa nayo muda mrefu kidogo, inakawia kuipita. Chaji ikienda upande mwingine zinapishana upesi, na hesabu inapungua. Na hata wote mngekuwa wembamba kama sindano, na vigae vyembamba kama uzi, Sista angekosea kwa kiasi kile kile, kwa sababu kosa lake linategemea kasi yenu na kasi yake tu. Unene wa mtu haumo. Ndiyo maana hata nukta haiponi. Nilipokata kile kipande, nilikata mwendo wenyewe nikidhani nakata unene.

Nilikwenda ofisini kwa Fyuzi na njaa yangu, nikamweleza kliniki yote, mpaka kitambaa cha kijani. Halafu akauliza kama yule mama mnene ana mpango wa kuomba kazi chuoni. Sijawahi kumwona akicheka, kumbe ana pengo.

Akanipa jingine la kwenda kutafuna. Chaji inayokwenda mwendo mmoja, haipindi, haiongezi, haipunguzi, kila mahali nguvu yake ina mshale wa kuonyesha upande. Ungetegemea mshale uelekee ilipokuwa, maana habari ni ya zamani. La. Unaelekea pale ilipo sasa hivi. Habari imebeba mahali na mwendo pamoja, ikawa kama imekisia, na kukisia kwake kuko sawa kabisa. Ila chaji ikipinda ghafla, mishale ya mbali haijui. Inaendelea kuelekea pale ambapo ingekuwa kama isingepinda. Halafu mtikisiko unatoka kwenye ile kona, unasafiri kwa kasi ya mwanga, na kila mshale unaofikiwa unageuka. Huo mtikisiko ndio mawimbi ya redio ya Mama Pasi. Ndio mwanga wenyewe.

Ni kitu kizuri, dada. Nimekaa nacho siku nzima.

Lakini kuelewa si kufaulu. Chumba kile cha mtihani nakijua, kina saa kubwa inayonitazama mimi tu. Dirisha la kujiandikisha linafungwa Ijumaa ijayo na jibu lako haliwezi kuwahi, kwa hiyo la Ijumaa nitaliamua mwenyewe. Mtihani wenyewe bado naupima. Nikianguka mara ya pili nitarudi nyumbani kama kitu kilichorudishwa dukani. Nikirudi kabla, kwa miguu yangu, kuna meza inanisubiri, nitakuwa nimechagua. Nakuomba kwa heshima, ni mara ya tatu sasa. Meza iko wazi au imejazwa? Neno moja linatosha.

Salamu: kwa Mama, kwa shemeji, kwa Sista nikipata anwani yake. Chiriku mbusu pale alipodungwa.

Mdogo wako


18 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Chiriku amekitia kidole kwenye fundo la kifurushi hiki ili nikaze kamba, kisha akasahau kukitoa. Tumefungua, tumefunga upya. Ukikuta fundo limelegea ujue limeokoa kidole.

Tu wazima sote, na nyinyi muwe hivyo.

Nakutumia gauni. Ni lile la bluu la kwangu, nimelipunguza kiunoni kwa kuwa najua huli. Bitana ni nailoni, samahani, ndiyo iliyokuwapo. Kola nimeitia wanga mpaka inasimama yenyewe, kwa hiyo hata ukiinamisha kichwa kola itakuwa inatazama mbele. Nimelikunja kwa ule mkunjo wetu, ukilitikisa mara moja tu linavalika.

Umeniomba neno moja. Ndiyo ni neno fupi na hapana ni neno fupi, na yote mawili kalamu yangu inayakataa kama mtoto anayekataa dawa. Nisamehe. Nitakujibu, lakini si leo.

Leo nina hili. Ijumaa yako imeshapita na sijui ulisimama dirisha gani, la kujiandikisha au la tiketi za basi. Habari haijanifikia. Basi mimi ndiye ule mshale wako wa mbali. Sina habari ya kona yoyote, kwa hiyo naelekea pale ambapo ungekuwa kama hukupinda. Nimekujua ukitembea tangu unajishika kwenye ukuta wa jikoni, na mwendo wako naujua. Anwani juu ya kifurushi ni ya bweni lako, na gauni ni la mtihani.

Kama ulishapinda, watalirudisha. Nitalivaa mwenyewe, nitoe mtikisiko.

Dada yako


22 Mei

Dada yangu, shikamoo,

Mimi mzima. Ndoo ya bomba tumeihamisha, sasa bomba linadondosha sakafuni, tunaiita hatua ya maendeleo. Mama umwambie nimeanza kula.

Nilipinda, dada. Nusu.

Ijumaa ile nilijiandikisha, kwa kuwa kujiandikisha hakumfungi mtu miguu. Wiki mbili baadaye nikaenda pia kwenye dirisha lile lingine, nikakata tiketi ya basi la asubuhi ya siku ile ile ya mtihani. Nikajiambia nitaamka nione nani ameshinda. Niliamka, na aliyeshinda alikuwa basi. Nilibeba mkoba, nikateremka ngazi, nikafika getini. Bawabu akaniita. Kifurushi kilikuwa kimelala kwake tangu juzi, eti alikuwa anakikalia kwa kuwa kiti chake ni kifupi.

Nilikifungulia pale pale. Kola ilitoka kwanza, imesimama. Nikasoma ile barua juu ya mkoba wangu. Nikafikiria, dada yangu yuko kule mbali, hajui lolote, na mshale wake umeelekea darasani na haujayumba hata kidogo, na pale unapoelekea hakuna mtu. Nikaona aibu kuuacha peke yake.

Nikaomba chumba cha bawabu, nikavaa. Tiketi nilimpa aikunje aitie chini ya mguu wa kiti chake kisiyumbe.

Lile gauni lako, Mungu alilaani na kulibariki pamoja. Nimetembea haraka kuwahi, bitana ikajisugua, ikanishika miguu yote miwili. Kila nikijigeuza kwenye kiti inatatarika, na chumba kimya kama kaburi. Msimamizi alikuja mara mbili akadhani nafungua pipi. Mara ya tatu akaniuliza ni nini, nikamwambia, "Ni chaji, mwalimu." Akaniacha.

Na swali likaja. Chaji ya nukta, inatembea, tafuta potenshali yake. Nikafunga macho nikamwona Sista anakuja na macho chini. Niliandika kile kipande chini ya mstari kabla ya kitu kingine chochote, nikakipigia duara, nikamalizia mengine kukizunguka. Mengine sijui. Kuna la mwisho lilinikalia vibaya, sijui kama nimelipata. Saa ilinitazama, kola ikaitazama.

Matokeo yanabandikwa katikati ya mwezi ujao. Nitapiga ile simu ya duka la dawa mkabala na kwenu, mwambie mfamasia asiwe mbali. Wewe ndiye wa kwanza, kabla hata ya Mama.

Na sasa kwa kuwa halina madhara tena, nijibu. Meza ilikuwa wazi?

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Chiriku amepanga vibanio vya nguo kwenye ukingo wa meza, anavisukuma mbele kwa mkono mmoja huku anavihesabu kwa kidole cha mkono mwingine. Ameniambia sasa hivi vimezaa. Nikamwuliza vingapi, akasema inategemea vinakwenda wapi. Huyu tutamleta huko kwenu akifika miaka sita.

Tu wazima. Goti na mwenyewe wamepatana. Friji imekufa kabisa, shemeji yako amevaa kama mfiwa, ameahidi ataifufua Jumapili. Mfamasia nimemwonya, amekisogeza kiti chake karibu na simu, na kila ikilia anainuka na kututazama ng'ambo ya barabara. Tangu asubuhi imelia mara kadhaa, watu wanauliza bei ya dawa za kikohozi. Sasa hata wateja wanatuonea huruma.

Nimesoma barua yako nimesimama. Ile ya getini nimeisoma na pasi mkononi, nimeunguza foronya ya watu, ina alama ya chuma kama ramani. Mama Pasi aliichukua akaitupa kapuni. Alinipa nyingine, akaenda kuwasha redio.

Basi ngoja nikujibu, leo kalamu haikatai.

Ilikuwa wazi. Siku ile ya kwanza uliyouliza ilikuwa wazi, na uliponiuliza mara ya pili, na ya tatu, na mpaka jana jioni. Mama Pasi alitaka kuweka mtu tangu mwezi wa pili. Kila mara nilimwomba asubiri, nikawa napiga pasi ya meza mbili ili asione pengo. Alikuwa analiona, si kipofu. Siku moja alisimama mlangoni akanitazama ninavyokimbizana na zile pasi mbili, akasema, "Wewe unamtunzia mtu meza usiyotaka aikalie." Nikamjibu ndiyo, mama. Akasema haya, mashati ya hoteli hayo hapo.

Ningekwambia iko wazi, ungerudi. Nilijua, ulikuwa unasubiri mlango tu. Na ningeiacha ijazwe, halafu uanguke, ungeangukia wapi? Kwa hiyo nikanyamaza, nikakuandikia mvua na goti. Usinikasirikie. Mkono wangu wa kulia sasa una msuli, Chiriku anaupigia hodi.

Leo asubuhi, kabla hatujafungua, nimemwambia Mama Pasi amtafute mtu wa ile meza. Akaniuliza matokeo yametoka? Nikamwambia bado, lakini namjua mdogo wangu anavyokwenda. Amemwita binti wa jirani, mpole, anashika pasi kama anashika nyoka, ataizoea. Kwa hiyo ujue, mdogo wangu, kwamba huku sasa hakuna meza yako. Hata simu ikilia ikaleta lile baya, tutatafuta kingine pamoja, lakini meza hii haipo tena, na mimi nimelala usingizi mtamu kuliko siku zote tangu

Subiri. Mfamasia ametoka nje, amesimama barabarani na koti lake jeupe, anapunga mikono yote miwili. Chiriku ameshavuka na binti wa jirani. Mama Pasi anasema niache hiyo kalamu. Mfamasia anapaza sauti kwamba ni wewe, kwamba amekuuliza matokeo unacheka tu, unacheka unalia, na kwamba hutaki kumwambia yeye wala mtu mwingine yeyote, mpaka dada aje